Sakafu ya mbao ya tela imekuwa nyeusi na inabonyea, nipake oili chafu?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina tela la boksi, sakafu ni mbao, napeleka simenti ya mifuko mikoani narudi na mchele au mahindi. Kila likifika Dar utingo analipeleka kuoshwa na mashine ya presha ndani na nje. Sasa mbao zimekuwa nyeusi na pale mlangoni kuna sehemu inabonyea ukikanyaga. Fundi mmoja wa Tabata kaniambia nipake oili chafu zitadumu. Unanishaurije?

JIBU: Salama mkuu. Oili chafu achana nayo kabisa, wewe unarudi na chakula, na ile oili imebeba masizi na vyuma vilivyosagika kwenye injini, gunia likikaa juu yake linanyonya na harufu haitoki. Alafu inateleza, mtu ana gunia la kilo 100 begani hapo unamtafutia kuvunjika mguu.

Kinachokumalizia mbao ni hiyo presha. Simenti ikimwagika inaingia kwenye maungio ya mbao, ukipiga maji inaganda humohumo, siku ya pili ni jiwe, na chini yake maji yamenasa hayana pa kutokea, mbao inaoza kwa chini wakati juu inaonekana nzima, na chuma kilichoibeba kinakula kutu. Nimeshang'oa mbao ambayo juu ukiigonga inalia vizuri kabisa, kugeuza chini inatoka kwa kidole kama majani ya chai yaliyochujwa.

Kwahiyo usafi uwe mkavu, bila maji. Utingo avae barakoa maana vumbi la simenti ni baya kwa mapafu, afagie kuanzia mbele kuja mlangoni, kwenye maungio apitishe bisibisi bapa akwangue, alafu apulize na upepo wa kompresa. Oili au dizeli ikimwagika mwagia unga wa mbao (mafundi samani wa Keko wanao kibao), uache unyonye ndo ufagie. Ikilazimika maji, tumia dekio lililokamuliwa na sabuni kidogo, tela liegeshe mlango uwe upande wa chini maji yatoke, alafu milango iachwe wazi mpaka pakauke kabisa, usifunge jioni kisa unawahi foleni ya kupakia. Masika ndo hatari zaidi kwasababu hewa yenyewe ina unyevu.

Sasa hiyo inayobonyea. Ingia chini ya tela na tochi, choma mbao na bisibisi, ikizama bila kutumia nguvu hiyo imeoza, hakuna rangi ya kuirudisha. Mpaka ubadilishe usiruhusu foklifti kuingia humo, maana ikibeba mzigo uzito karibu wote unalalia magurudumu ya mbele na yatatumbukia. Pia ingia ndani mchana jua kali wakufungie milango dakika chache, ukiona mwanga unapenya popote, paa, kona au raba za mlango, maji nayo yanapita hapohapo. Wewe imeanzia mlangoni, mimi naanza kuzishuku raba.

Kubadilisha, mbao mpya iwe kavu na unene uleule wa zamani, na ncha zake zote mbili zikae juu ya chuma, wengi wanakata kipande kidogo kinaning'inia katikati, hakimalizi msimu. Chuma kikwanguliwe na brashi ya waya kipigwe redioksaidi (rangi ya kuzuia kutu) kwanza. Kama kuna kuchomelea, mbao ya jirani itolewe, cheche moja tu inatosha. Ncha zilizokatwa zipake rangi ya mafuta koti mbili, mbao inakunywa maji kwenye ncha kuliko pengine popote, na vichwa vya skrubu vizame kidogo visichane mifuko.

Weusi wa juu peke yake usikutishe kama mbao ni ngumu, piga msasa mbao ikishakauka. Na safari za simenti tandika turubai chini ya mifuko, mkifika mnalikunja na vumbi lake mnakung'utia nje.