Faili mama ya kitabu iwe ya aina gani?

SWALI: Nilichapisha mkusanyiko wa hadithi fupi kwa gharama yangu hapa Nairobi, na mpiga chapa akanikabidhi PDF peke yake. Sasa nataka kitabu kisomwe kwenye simu na kiuzwe Kindle. Je, niigeuze PDF hiyo iwe EPUB, au nirudie mswada wangu wa Word? – Msomaji, Kayole.

JIBU: Ndugu msomaji, PDF usiigeuze. Faili hiyo hukumbuka mahali kila herufi ilipokaa kwenye ukurasa, lakini mara nyingi haijui kwamba mistari hii mitano ni aya moja, wala kwamba maneno yale makubwa ni kichwa cha hadithi; kwa hiyo ukiigeuza utakuta nambari za kurasa zimejipenyeza katikati ya sentensi, na neno lililokatwa mwishoni mwa mstari limebaki "wana-funzi".

EPUB, yaani faili ya kitabu cha kielektroniki, ndiyo ya kupeleka sokoni, na hata Amazon, wenye Kindle, huipokea. Hata hivyo, ni furushi la kurasa za XHTML (lugha ya kurasa za wavuti) na faili nyinginezo zilizobanwa pamoja, na kulifungua kila unapoona kosa ni kazi ya fundi, si ya mwandishi.

Faili mama, ile utakayoisahihisha na kutolea nyingine zote, iwe mswada wako wa Word au LibreOffice, mradi kila kichwa kimepewa mtindo wa kichwa badala ya kukolezwa kwa mkono, na kila hadithi inaanza kwa kikomo cha ukurasa, si kwa kubonyeza Enter mara ishirini (nimeyaona hayo, tena kwa waandishi wakongwe). Hapo programu za Calibre au Pandoc, ambazo ni za bure, zitakutolea EPUB yenye yaliyomo tayari. Kwa kitabu cha kitaaluma chenye mamia ya tanbihi ningependekeza XML, yaani maandishi ambayo kila sehemu yake imetiwa alama ya kuieleza. Hadithi fupi hazihitaji mzigo huo.

Angalia pia ritifaa. Katika mswada mmoja utakuta "ng’ombe" yenye ritifaa iliyopinda na "ng'ombe" yenye iliyonyooka, na msomaji akitafuta moja, baadhi ya programu hazimwonyeshi ya pili. Chagua moja, ubadilishe zote. Lugha ya faili nayo iwe Kiswahili, la sivyo programu inayomsomea asiyeona huenda ikayatamka maneno yako Kiingereza.

Kabla ya yote, mwombe mpiga chapa maandishi kutoka kwenye faili aliyopangia kurasa, hata kwa RTF (aina ya faili ambayo Word huifungua), kwa sababu masahihisho mliyoyatia dakika za mwisho huenda hayamo katika mswada wako.