Mifumo imejaa kila ofisi lakini bado tunazungushwa kwa herufi moja: jibu langu kwa mdau aliyeuliza, toka kwenye meza ya steshenari

Mkuu, swali lako nimelisoma mpaka mwisho na nataka nilijibu kwa kirefu maana ndo kazi yangu ya kila siku. Umesema mdogo wako kamaliza form six, cheti cha kuzaliwa kinasema Athuman, kitambulisho cha taifa cha NIDA (mamlaka ya vitambulisho) kinasema Athumani, cheti cha form four Othman, anataka kuomba mkopo wa chuo na baadae pasipoti, na ukauliza inakuaje nchi imetumia mabilioni kwenye mifumo alafu kijana anakwama kwa jina ambalo kila mtu mtaani anajua ni la kwake.

Mi nina steshenari jirani na ofisi za wilaya, mikoa ya huku magharibi mpakani. Watu wanakuja kujaza fomu za NIDA onlaini, kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi), kuomba pasipoti, mikopo ya HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo), kila kitu. Kwahiyo naona karatasi za watu zikiwa zimepangwa pamoja mezani, cheti hiki na kile, kitu ambacho ofisi yenyewe haikioni kwa sababu kila ofisi inaangalia ya kwake tu. Na nilichokiona ni hiki: tulinunua mashine za kutoa kadi kabla ya kusafisha taarifa zinazoingia kwenye hizo mashine, na kazi ya kusafisha akaachiwa mwananchi aifanye kwa nauli yake.

Tuanze na NIDA maana ndo mlango wa kila kitu siku hizi. Mamlaka ilianzishwa 2008, mkataba mkubwa wa mitambo na kampuni ya IRIS ya Malaysia ukasainiwa 2011, kadi za kwanza zikaanza kutoka 2013. Mtakumbuka kadi zile hazikua na saini ya mwenye kadi, benki zikawa zinazikataa, 2016 serikali ikaamua zitolewe zenye saini. Mwezi Januari mwaka huo huo Rais Magufuli akamsimamisha mkurugenzi mkuu wa NIDA na wenzake ili matumizi ya bilioni 179.6 yachunguzwe. Watu wengi wanaishia hapo, wanasema pesa zililiwa, basi. Mimi nasema hata kama kila shilingi ingetumika vizuri bado mdogo wako angekwama, maana tatizo lake halipo kwenye kadi, lipo kwenye yule aliyeandika jina lake mara ya kwanza.

Angalia inavyokua. Mtoto anazaliwa, nesi anaandika jina kwenye kadi ya kliniki anavyolisikia. Anaanza darasa la kwanza, mwalimu anaandika anavyolisikia yeye. Cheti cha kuzaliwa wengi wetu tumekitafuta ukubwani pale kilipohitajika, kikaandikwa kutokana na maelezo ya mzazi au mjomba. Alafu NIDA, opareta ana foleni mpaka nje, anachapa haraka. Shabani na Shaaban, Zuhura na Zuhra, Regina na Legina, huku kwetu tena majina ya kienyeji yana konsonanti tatu mfululizo ambazo mtu wa kutoka Pwani anaziandika kwa kubahatisha. Zamani haikua shida kabisa, karani wa wilaya akikuona anakujua wewe na baba yako. Kompyuta inalinganisha herufi tu, ikikuta a imezidi inakataa, na yule mtumishi wa dirishani hata akikubali kwamba wewe ndo yule yule hana kitufe cha kubonyeza. Hapo ndo panaponiuma zaidi, tumewaondolea maafisa wa chini uwezo wa kutumia akili yao na hatujawapa njia ya haraka ya kusahihisha, kwahiyo wote wawili mwombaji na mtumishi wanabaki wanaangaliana.

Alafu kuna hili la tarehe ambalo watu hawalisemi sana. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Sasa wazee wetu wengi hawana tarehe, wanajua tu nilizaliwa mwaka wa njaa fulani au kabla ya uhuru kidogo, opareta anaweka 1 Januari au 1 Julai ili fomu ipite. Ile tarehe ya kukisia inakua ndani ya namba yenyewe. Siku ikigundulika ina makosa huwezi kurekebisha tarehe tu, maana namba nzima inakua inabishana na taarifa zake, na ile namba ishaunganishwa na laini ya simu, benki, TIN (namba ya mlipa kodi), mafao. Nimeshakaa na mama mmoja mjane anafuatilia mirathi, tarehe yake kwenye mfuko wa mafao na kwenye kitambulisho zinapishana, kila ofisi anayoenda wanamwambia wenzetu ndo wenye makosa. Mtu aliyebuni namba iwe na tarehe ndani yake labda alifikiria nchi ambayo kila mtu ana cheti toka siku aliyozaliwa, sisi kwa sensa ya 2012 watoto chini ya miaka mitano wenye cheti Tanzania bara walikua asilimia 13 hivi, sembuse wazazi wao.

Kilichoharibu zaidi kwa maoni yangu ni haraka ya laini za simu. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukawekwa 31 Desemba, ikasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Nchi nzima ikakimbilia NIDA kwa wakati mmoja sio kwa sababu wanataka utambulisho bali wasifungiwe simu, watu wanaamka alfajiri wanapanga mawe kwenye foleni. Katika presha ile nani atakaa kuhakiki jina la mtu kwa cheti? Makosa mengi ninayoyasahihisha leo yalizaliwa miezi ile. Na wale ambao vidole havisomi, wakulima wa tumbaku na mihogo, mafundi ujenzi, bibi zetu ambao vidole vimelika kabisa, wengi waliishia kusajiliwa laini kwa namba ya mtoto au ya jirani. Ndo maana ukipiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yako unaweza kukuta laini usizozijua kwenye jina lako. Na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tumekuja kuipata 2022, imeanza kutumika 2023, wakati vidole vya watu vishachukuliwa miaka mingi nyuma.

Huku mpakani kuna safu nyingine ambayo ndugu zangu wa Dar hamuijui. Kabla hujapata namba unahojiwa uraia wako. Sipingi kuhojiwa, mpaka ni mpaka, wakimbizi tumewapokea toka zamani na kila nchi ina haki ya kujua nani wake. Lakini mtu akihojiwa na kukutwa Mtanzania basi iandikwe kwenye mfumo iishe. Kinachotokea ni kwamba anahojiwa kwenye NIDA, anahojiwa tena kwenye pasipoti, babu yako alizaliwa wapi, alizikwa wapi, leta cheti cha mzazi au kiapo. Kijana ana namba ya taifa mkononi, imetolewa na serikali hiyo hiyo, bado anaanza upya kama mgeni. Kama namba haiwezi kumaliza swali la wewe ni nani sasa kazi yake ni nini.

Pasipoti ya kielektroniki yenyewe toka izinduliwe Januari 2018 siilaumu sana. Unajaza onlaini, unapewa kontroli namba (namba ya malipo ya serikali), unalipia, jumla 150,000, ukiwa na vielelezo vinavyofanana mambo yanaenda. Wanaokwama ni wale wale ambao nyaraka zao za nyuma zinagombana.

Na majirani sio kwamba wamefaulu. Kenya 2019 waliandikisha mamilioni ya watu kwenye Huduma Namba, namba yao ya utambulisho, Wanubi wa Kibera ambao nao wana historia ndefu ya kuhojiwa uraia wakaenda mahakamani kupitia Nubian Rights Forum, Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataa kuchukua DNA na GPS za watu na ikataka kanuni kamili kwanza, Oktoba 2021 jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu tathmini ya athari kwa taarifa binafsi haikufanyika. Serikali iliyofuata ikaja na namba nyingine, Maisha Namba, 2023 nayo ikaanza kupandishwa mahakamani. Angalau kule watu wanashtaki na jaji anasimamisha, hilo nawaonea wivu kabisa.

Kwetu mradi ambao mimi naupigia makofi ni ule wa RITA wa watoto chini ya miaka mitano ulioanzia Mbeya 2013. Mtoto anasajiliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, taarifa zinatumwa kwa simu, cheti kinaandikwa kwa mkono hapo hapo bure mama anaondoka nacho. Hauna mbwembwe, hauna mitambo ya mabilioni, lakini unamkamata mtu mwanzoni kabisa kabla majina hayajawa matatu. Ile pesa na nguvu tungeiweka huku kwanza alafu kadi na chipu zikafuata, kizazi hiki kisingekua na shida ya mdogo wako. Hata leo ningeambiwa nichague, ningepeleka watu wawili wawili kila kata kwa mwaka mmoja wakiwa na mamlaka ya kusahihisha majina na tarehe bure mbele ya mtendaji na mashahidi, mfumo upokee, iishe.

Sasa kuhusu dogo. Usianzie NIDA. Cheti cha form four ndo kigumu kuliko vyote kubadilishwa jina, kwahiyo vingine vyote vifuate hicho, yani Othman. Nenda na cheti cha kuzaliwa ofisi ya DAS (katibu tawala wa wilaya) kilipotolewa, omba marekebisho ya jina, beba cheti cha shule ya msingi, kadi ya kliniki kama ipo, na kiapo cha mzazi, usilipe kitu bila kontroli namba. Cheti kikitoka sahihi ndo uende NIDA kurekebisha, wakikuomba dipo (hati ya kisheria ya kubadili jina) isajiliwe kwa Msajili wa Hati, usikubali za vishoka mlangoni maana zinakataliwa baadae. Ukiwa na hivyo vitatu sawa ndo mhakiki cheti RITA kwa ajili ya mkopo, na fanyeni sasa hivi kabla dirisha la HESLB halijafunguliwa, likishafunguliwa nchi nzima inaingia kwenye mfumo siku moja na unaanza kuona sistimu iko chini. Skani kila karatasi kabla hujaikabidhi dirishani na uandike tarehe na jina la aliyeipokea. Pasipoti iwe ya mwisho kabisa.

Kama upo mikoa ya huku nitumie inbox nikuelekeze, kuangalia karatasi tu sichaji.