Upepo mdogo, tanga kubwa: ushauri kwa anayetaka mtambo wa upepo nyumbani

Boksi la mtambo wangu wa kwanza liliandikwa kwa herufi kubwa: wati 400. Nikapiga hesabu ya taa, televisheni na friji ndogo, nikaona shida ya umeme imekwisha. Niliufunga juu ya paa la nyumba yetu, Pangani. Mapanga yalikuwa na kipenyo cha mita 1.2. Jioni ile yalizunguka vizuri na watoto wakashangilia. Asubuhi betri ilikuwa pale pale. Wiki nzima ikapita hivyo, nikawa napanda paani kukagua nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Mjomba wangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, alikuja akautazama kwa muda kisha akaniuliza, "Upepo wenyewe wa kusuasua, na tanga lenyewe umetweka dogo hivi?"

Swali lile ndilo ningependa ulichukue dukani. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ziliandikwa kwa upepo wa mita 12 kwa sekunde. Upepo unaokaribia huo, mwaka mzima, uko Loiyangalani kaskazini mwa Kenya, ambako mradi wa Ziwa Turkana umesimamisha mitambo 365. Kwangu, kipimo kilionyesha mita 4, tena mchana. Na nguvu ya upepo haishuki taratibu pamoja na kasi. Kasi ikiwa theluthi moja, nguvu inabaki sehemu moja ya 27, maana unazidisha tatu kwa tatu, kisha kwa tatu tena. Wati 400 zangu zilikuwa 15. Za kuwasha taa chache na kuchaji simu.

Kwa hiyo usiulize wati. Uliza kipenyo cha mapanga, maana hayo ndiyo tanga la mtambo. Ukikiongeza mara mbili, eneo linalokamata upepo linakuwa mara nne. Mtambo wangu wa sasa una kipenyo cha mita 2.4, na kwenye upepo ule ule wa mita 4 unanipa wati arobaini na kitu. Bado si nyingi, lakini zikiingia usiku kucha betri inazihisi. Kisha muombe muuzaji jedwali linaloonyesha mtambo unatoa nini kwenye mita 3, 4 na 5 kwa sekunde. Asipokuwa nalo, tafuta muuzaji mwingine.

Utaambiwa pia kwamba mtambo fulani "unaanza kuzunguka kwenye mita 2 tu". Kuzunguka si kuchaji. Kwenye mita 2, upepo mzima unaopita kwenye mapanga ya mita 2.4 hauna hata wati 25, na hakuna mtambo duniani unaoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59 ya nguvu ya upepo. Mitambo midogo ya kwetu huchukua nusu ya hapo, au chini zaidi. Ile ya mhimili wa wima, ambayo mapanga yake huzunguka kama pia na inayosifiwa sana kwa upepo mdogo, haikwepi hesabu hii: zidisha upana wake kwa urefu, utaona tanga lake ni dogo kiasi gani.

Kosa langu la pili lilikuwa paa. Nyumba yetu imezungukwa na minazi, na upepo unaovuka minazi hufika umevurugika, unapiga huku na huku, mapanga yanageuka kuutafuta badala ya kufanya kazi. Paa nalo lilitetemeka hadi misumari ikalegea. Kanuni wanayoifuata mafundi ni kwamba ncha ya chini ya mapanga iwe juu kwa mita 9 hivi kuliko kitu chochote kilichopo ndani ya mita 150. Kwa minazi ya mita 15, mlingoti unapita mita 25, na fedha hiyo sikuwa nayo. Nikasimamisha mlingoti kwenye uwanda wa wazi upande wa baharini, mbali na nyumba. Waya ukawa mrefu, na waya mrefu hupoteza umeme, ndipo nikaacha mfumo wa volti 12 nikachukua wa volti 48: kwa wati zile zile mkondo wa umeme unakuwa robo, na upotevu kwenye waya ule ule unakuwa sehemu moja ya 16. Mlingoti nimeuchagua wa kulazwa chini kwa kamba na kapi, kwa sababu chumvi ya bahari inakula bolti na beringi, na kupanda juu kila mara ni hatari. Hakikisha pia mtambo una mkia unaojikunja na kuyageuza mapanga ubavu upepo ukizidi. Tanga kubwa bila njia ya kulipunguza litavunjika siku ya kusi kali.

Kabla ya yote hayo, pima. Kipimaupepo cha bei nafuu kifungwe juu ya nguzo ndefu pale pale utakaposimamisha mlingoti, uandike kusi, kaskazi, na zaidi sana tangambili, upepo unapolala siku nzima. Wastani ukiwa chini ya mita 3, nakusihi, nunua sola, mtambo wa upepo uache kabisa. Ukiwa kati ya 3 na 5, nunua sola kwanza, upepo uwe msaidizi wa usiku na wa siku za mawingu ya masika. Hivyo ndivyo ninavyoishi sasa, na friji inagandisha.