Ugomvi Uliotangulia Mapenzi

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ya mapenzi ya kihistoria ulirudishwa na mhariri ukiwa na swali moja pembeni mwa sura ya tatu: "Hawa wawili wanazuiwa na nini?" Nilikuwa nimemweka kijana wa Kingazija na binti wa tajiri wa karafuu katika Unguja ya miaka ya 1860, nikawapa mbalamwezi na harufu ya asumini, na ili wasioane mapema mno nikamzulia binti yule ami mwenye roho mbaya. Nilimnunia mhariri kwa siku kadhaa, lakini swali lake ndilo lililonifundisha kazi hii, kwa kuwa ami mwenye roho mbaya anaweza kuhamishiwa Dar es Salaam ya leo bila kubadilishwa hata neno moja, na kizuizi kinachohama karne kirahisi namna hiyo hakina historia ndani yake.

Nilipoanza upya nilirudi kwenye kisa ambacho Wazanzibari wengi wanakijua kwa juu juu, cha Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844. Kinachosimuliwa siku zote ni kwamba alimpenda jirani yake Mjerumani, mfanyabiashara Heinrich Ruete, akashika mimba, akatoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na huko mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa. Kikisimuliwa hivyo, kisa hicho ni habari tu. Kilichonishika mimi ni mambo ya miaka saba kabla ya safari ile. Mwaka 1859 Barghash, kaka yake Salme, alimwasi kaka yao Sultani Majid, na Salme, msichana wa miaka kumi na mitano tu, akawa katibu wa waasi kwa sababu alijua kuandika, ujuzi alioupata kwa siri kwa kunakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Uasi ulishindwa na Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipopatana na Majid, akawapoteza wale aliokuwa nao katika uasi. Kwa hiyo siku alipoanza kutazamana na jirani yake kutoka juu ya paa, baba yake na mama yake walikuwa wamekwisha kufa na nyumba nyingi za ndugu zake hazikumkaribisha tena. Mapenzi yaliukuta ugomvi umekwisha kuwapo.

Tangu hapo, wazo jipya likinijia, silianzi na wapenzi. Ninatafuta kwanza ni ugomvi gani ulikuwa ukiendelea katika mji ule mwaka ule, nani alikuwa hasemi na nani na kwa mali ipi, kisha ndipo ninawaingiza wawili wangu katikati yake.

Kizuizi cha pili nilichojifunza kukitumia ni kufu, yaani usawa wa ukoo na hadhi kati ya wanaooana. Katika familia za Kiarabu za Unguja ya wakati ule, mwanamume aliweza kuzaa na mwanamke wa asili yoyote na mtoto akahesabiwa Mwarabu huru, lakini binti hakuozwa kwa mtu asiye kufu yake. Mama yake Salme mwenyewe alikuwa suria, mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake, wa Kicherkasi kutoka Kaukazi. Hebu mwandishi afikirie maneno ambayo binti wa namna hiyo anaweza kumwambia walii wake anayemkataa mchumba kwa sababu ya ukoo! Hapo hahitajiki mtu mwovu hata mmoja, kwa kuwa kila anayezungumza anafuata sheria anayoiamini, na hilo linaumiza kuliko uovu.

Suala la masuria ndilo lililonisumbua kuliko yote, na ninaomba tusilipite haraka. Kuna ushawishi mkubwa wa kuandika bwana mwenye moyo laini anayempenda suria wake mpaka mwisho wa kitabu, na wasomaji wapo. Niliandika sura nne za namna hiyo kisha nikazitupa, kwa kuwa kila nilipofika kwenye maongezi yao nilijiuliza mwanamke yule angefanywa nini kama angesema hapana, na jibu lilikuwa likiyageuza maneno yote matamu ya bwana wake kuwa amri. Nilichokifanya badala yake ni kusogea mbele kwa miaka. Sheria ya mwaka 1897 iliwaruhusu watumwa wa Unguja na Pemba kudai uhuru wao mahakamani, lakini masuria iliwaacha nje, na hawakupewa haki hiyo mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo mwanamume aliyekwisha kupata karatasi yake ya uhuru aliweza kumpenda mwanamke ambaye sheria hiyohiyo ilimkatalia, na wakangoja kwa miaka, kila mmoja akizeeka upande wake wa ukuta. Hadithi ile ilijiandika karibu yenyewe.

Saa ya riwaya nayo iko tayari katika pepo zetu. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalingoja kusi ili yarudi, hivyo mgeni anayependa mwezi wa Januari tarehe yake ya kuondoka inajulikana na mji mzima. Mpaka waya wa telegrafu ulipofika Unguja mwaka 1879, habari zake zingemfikia mpenzi wake kwa chombo au zisimfikie kabisa. Nacho kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa, na kwa mwandishi hilo maana yake ni kwamba mchumba wa Pemba aliyekataliwa Februari anaweza kubembelezwa Mei.

Nyaraka zipo kwa anayetaka kuzisoma, katika nyumba ya nyaraka ya Kilimani, Unguja, na mimi hupita upande wa mirathi na kesi za mahakama, kwa sababu watu wenye raha hawaandikiani mashtaka. Wazee nao wanataka kuulizwa kwa adabu. Nilipomuuliza bibi yangu habari za mapenzi ya zamani aliniambia hayo hayaulizwi. Nilipomuuliza ni mahari ya nani iliyozua ugomvi, alizungumza mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Makosa madogo yatakuwapo. Mimi nilimvika mhusika wa mwaka 1865 kanga yenye jina na kumpitisha chini ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, na msomaji mmoja aliniandikia kurasa mbili kunisuta. Alikuwa na haki, ingawa kurasa mbili zilizidi.

Mswada ule wa kwanza niliuandika upya nikausogeza hadi mwaka wa kimbunga. Ami nilimbakiza, ila sasa ana mikarafuu mia tatu iliyolala chini, shamba lililowekwa rehani, na mpwa mmoja wa kuozesha.