Kona ya Familia: Mtoto Yuko Masomoni Ng'ambo, Samaki Wake Wamebaki

Msimu huu barua nyingi zimetoka kwa wazazi ambao watoto wao wameanza chuo kikuu nje ya nchi, au wako mbioni kuondoka. Nyingi zinauliza mambo ya mikono: kilichoachwa nyumbani, kinachosafirishwa, na cha kufanya jioni nyumba inapokuwa kimya.

SWALI: Mwanangu wa kwanza ameondoka wiki tatu zilizopita na kuniachia tangi la samaki la lita 60. Sasa maji yamekuwa meupe kama yametiwa maziwa, na samaki wanahema juu kabisa ya maji. Nimebadilisha maji yote mara mbili na kuosha chujio kwa sabuni, lakini hali inazidi kuwa mbaya. Naogopa kumwambia. – *Mama mwenye hofu*

JIBU: Pole sana, mama. Kilichowaumiza samaki ni huo usafi wenyewe. Ndani ya sponji ya chujio huishi bakteria wanaogeuza amonia, ambayo ni sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na ukali mkubwa. Sabuni imewaua. Tangi limerudi kuwa kama jipya, ila lina samaki wanaoendelea kuchafua maji. Ule weupe kwa kawaida ni bakteria wa aina nyingine wanaozaliana majini mizani inapovurugika.

Anza leo. Zima hita na usubiri dakika 15 kabla ya kupunguza maji, kwa sababu kioo chake kikitoka majini kikiwa cha moto hupasuka. Toa lita 15, yaani robo ya tangi, kwa mpira mwembamba unaonyonya takataka chini kwenye kokoto. Maji mapya yatie kwenye ndoo isiyowahi kuguswa na sabuni, weka dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha tumia kipimajoto: yasipishane na ya tangini kwa zaidi ya nyuzi 2. Kuacha maji ya bomba yalale kwenye ndoo wazi huondoa klorini, lakini kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hayatasafika kwa njia hiyo. Dawa ni salama zaidi. Maji yakishafunika hita, iwashe tena.

Rudia robo hiyo kila siku mpaka samaki waache kuhema juu. Sponji isuuze mara nyingi kwa maji yaliyotiwa dawa, na ikiwa bado inanukia sabuni, nunua nyingine. Usiwalishe kwa siku mbili. Samaki wakubwa wenye afya hawadhuriki. Baada ya hapo, mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika 2. Nunua pia vipimo vya amonia na nitriti: vyote viwili vinapaswa kusoma sifuri, na bakteria huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kujijenga upya. Chujio lisizimwe usiku. Maji yakisimama kwa saa nyingi, bakteria hukosa hewa na kufa tena. Mambo yakitulia, rudi kwenye robo moja kwa wiki, na sponji uikamue ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini, kamwe si bombani.

Na mwambie mwanao, leo hii. Elekeza kamera ya simu kwenye tangi, mwache atazame mapezi na matumbo yao. Anawajua mmoja mmoja, na huenda akaona usichokiona.

SWALI: Tulikubaliana na kijana wetu tuongee kila Jumapili saa tatu usiku. Mara mbili tumepishana, na mama yake analala akilia. Tatizo ni nini? – *Baba mtu*

JIBU: Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni lugha: "saa tatu usiku" kwenu ni 21:00, lakini kijana anayeishi siku nzima kwa saa za chuoni huiandika kwenye simu kama 3. Andikeni kwa tarakimu za saa 24 na mtaje ni saa za wapi: "Jumapili, 21:00 za nyumbani." Wa pili ni mabadiliko ya majira. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani, karibu majimbo yote, ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kama nchi yenu haigusi saa, pengo litaongezeka au kupungua kwa saa moja bila mtu kuwataarifu. Wekeni mji wake kwenye saa ya dunia ya simu zenu, na tarehe hizo kwenye kalenda.

Mkubaliane pia kwamba aliyekwama atume neno moja tu: "Kesho." Linatosha kumlaza mama usingizi.

SWALI: Mdogo mtu anataka kuhamia chumba cha kaka yake. Tumruhusu? – *Wazazi wawili*

JIBU: Mwulizeni kaka kwanza, kwa sauti, si kwa ujumbe. Akikubali, pigeni picha ya kila rafu kabla ya kufunga vitu kwenye maboksi, na kila boksi libandikwe orodha. Kitanda chake kibaki.

SWALI: Binti yangu anakwenda nchi ya baridi kali na hataki kuacha gita lake la mbao. Nimfungie vipi? – *Baba wa mpiga gita*

JIBU: Tafuta kasha gumu. Nyuzi 6 za chuma zilizokazwa huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, kwa hiyo zilegeze kiasi, sauti ishuke toni moja au mbili, lakini zisining'inie. Gita nyingi huvunjika pale shingo inapoungana na kichwa: kasha likianguka chali, kichwa hurudi nyuma kwa kishindo. Jaza nguo laini chini ya kichwa na pande zake mpaka ukitikisa kasha usisikie kitu kikicheza.

Akifika, asilifungue hapohapo. Mbao baridi zikikutana ghafla na joto la chumba, rangi ya juu hupasuka nyufa nyembamba. Kasha likae limefungwa kwa saa kadhaa. Vyumba vinavyopashwa joto wakati wa baridi huwa vikavu mno. Unyevu unaolifaa gita ni asilimia 45 hadi 55, na dalili ya ukavu huipata kidoleni: ncha za vyuma vya shingoni huanza kukwaruza, kwa kuwa mbao zimesinyaa na vyuma havikusinyaa.

Kuhusu vibali: tangu Novemba 2019, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umeondoa sharti la kibali kwa vyombo vya muziki vilivyokamilika vya mpingo na ndugu zake wengi. Ndugu mmoja wa mpingo, mti wa *Dalbergia nigra* wa Brazili, bado umebanwa, kwa hiyo gita kuukuu likaguliwe na fundi kabla ya safari.

SWALI: Jioni zimekuwa ndefu, basi namfumia mwanangu skafu. Nilianza na vitanzi 30, sasa vipo 41 na pembeni pamepinda. – *Mfumaji mpya*

JIBU: Tazama kitanzi cha kwanza cha kila mstari. Ukipeleka uzi nyuma kwa kuupitisha juu ya sindano, kitanzi hicho huvutika na miguu yake miwili huonekana kama vitanzi viwili. Ukivifuma vyote, umeongeza kimoja. Kabla ya kuanza mstari, vuta uzi chini, upite chini ya sindano, ndipo uende nyuma. Hesabu kila baada ya mistari miwili.

Fumua uanze upya, na safari hii fuma kwanza kipande cha majaribio chenye upana wa sentimita 15. Pima sentimita 10 za katikati, kwa sababu kingo hudanganya. Ukipata vitanzi 18, skafu ya upana wa sentimita 20 inataka vitanzi 36. Kwa uzi wa unene wa kati, sindano za milimita 5 na gramu 200 hadi 250 hutosha kwa urefu wa sentimita 170. Nunua mabonge yote siku moja, yenye namba moja ya mkupuo wa rangi kwenye lebo, yaani yaliyotiwa rangi pamoja. Fuma mistari yote kwa namna ileile. Ukibadilishana mbele na kinyume ili upate uso laini, kingo zitajikunja.

Ikiwa uzi ni wa sufu, tia ndani ya kifurushi karatasi yenye maelezo haya: maji ya uvuguvugu, bila kusugua, ianikwe imelazwa. Mashine ya bwenini yenye maji ya moto huisinyaza sufu isirudi tena.