Riwaya au hotuba? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mhariri amekurudishia mswada wako wa mkunga wa kijijini, akidai riwaya ikibeba shida za jamii inageuka hotuba. Ndipo ukaniuliza, nusu kwa hasira, kama yule Mjapani wangu, Sawako Ariyoshi, aliandika riwaya au hotuba.

Aliandika zote mbili, na tofauti yake inaonekana.

Alizaliwa Wakayama, Japani, mwaka 1931, utoto wake akaupitisha kwa sehemu katika kisiwa cha Java ambako baba yake alifanya kazi ya benki, akafariki mwaka 1984 akiwa na miaka 53 tu. Mwaka 1966 alitoa riwaya kuhusu Hanaoka Seishu, tabibu wa kwao. Mwaka 1804 huyu alimpasua mgonjwa wa saratani ya titi akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, miongo kadhaa kabla ya etha, dawa nyingine ya usingizi, kuanza kutumika Marekani. Mwandishi mwingine angemsifu tabibu hadi mwisho. Ariyoshi anatukalisha na wanawake wa nyumba ile. Mama mtu na mke wanagombea kunyweshwa dawa ya majaribio, kila mmoja akisisitiza mwenzake asiumie, kwa adabu inayochoma kuliko matusi. Mke anapofuka. Wa kulisema jambo waziwazi ni wifi yake ambaye hakuolewa, naye analisema akiwa mgonjwa wa kufa. Kisha tunapelekwa makaburini: jiwe la tabibu ni kubwa kiasi kwamba ukisimama mbele yake, ya wale wanawake wawili nyuma huyaoni kabisa. Kitabu kinaishia hapo.

Sasa chukua riwaya yake nyingine, *Kōkotsu no hito*, ya mwaka 1972. Akiko ameajiriwa katika ofisi ya mawakili. Mama mkwe anafariki ghafla, anabaki baba mkwe, Shigezo, aliyepotewa na akili za uzee. Mzee haelewi kuwa mkewe amekufa, analalamika njaa. Mwanawe wa kumzaa hamtambui, anadhani ni mwizi. Anayemtambua ni Akiko, mkamwana ambaye mzee alimsumbua miaka yote! Mume naye anamtazama baba yake, anaona uzee wake mwenyewe unakuja, anajitenga. Kwa hiyo ni Akiko anayeamka usiku kumpeleka haja, anayemwogesha, anayepunguza siku za kazi. Hapendi. Mimi nilimpenda kwa hilo, maana waandishi wengi wangemfanya malaika.

Kiliuzwa nakala zaidi ya milioni moja, wakati wazee wa miaka 65 na zaidi walikuwa kama asilimia 7 tu ya Wajapani. Bima ya taifa ya matunzo ya wazee ilianza mwaka 2000. Sitakuambia riwaya ndiyo iliyoileta, lakini jambo lililokuwa siri ya kila nyumba lilianza kuzungumzwa mezani.

Hotuba yake ni *Fukugō osen*, iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la Asahi Shimbun kuanzia mwaka 1974. Inaanza na kampeni ya Fusae Ichikawa, mpigania kura za wanawake, aliyekuwa na miaka 81 akigombea useneta. Halafu kampeni inaachwa njiani, tunaingia kwenye dawa za mashambani, sabuni za unga, na kemikali za vyakula: kila moja peke yake inasemekana haina neno, je, zikichanganyika mwilini? Watu waliisoma kwa hamu, na wakulima wasiotumia kemikali wakasikilizwa. Kama riwaya, hapana. Wahusika wapo ili waulize maswali. Hata hivyo sioni aibu yoyote kwake. Alijua gazeti linaingia nyumba ambazo vitabu haviingii, akachagua.

Kwa hiyo mhariri wako amekosea kuhusu riwaya kwa jumla, ila kuhusu sura yako ya tatu yuko sahihi. Mkunga wako anahutubia kikao cha kijiji kwa kurasa na kurasa, na mwenyekiti anaitikia kwa kichwa. Nani anamlea mtoto wake wakati yeye yuko kwa wazazi wa watu? Glavu zikiisha anafanyaje? Mume wake ana chuki gani na simu za usiku? Hayo umeyataja kwa mstari mmoja ukapita.

Iandike upya sura hiyo, kikao ukiondoe, unitumie kabla hujamjibu mhariri.

Mama yako