Mashine Imeandika VF. Mchoro Umeuona?

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, ripoti ya mashine yangu ya moyo imeandika VF mara saba. Niwaage watoto?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Miaka minne nyuma ripoti kama hiyo ilikuwa yangu. Mashine yenyewe hupandikizwa kifuani, waya wake ukaingia moyoni; ikiona mapigo ya hatari, huupiga moyo shoti.

Nilikuwa naanika nguo. Nanyoosha mkono wa kushoto kufikia kamba, shoti ikaniangusha kwenye beseni. Nikainuka, nikaokota kanga, ya pili. Watu husema ni kama teke la punda. Sawa, ila punda huyu yumo kifuani.

Kliniki, daktari kijana alisoma neno moja tu, VF, yaani vyumba vya chini vya moyo vinatetemeka bila kusukuma damu. Akaniongezea amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo, akamwita mgonjwa mwingine. Mchoro wa mapigo, ulioandikwa na mashine, hakuufungua. Bado inaniuma. Wiki tatu niliogopa hata kuinua kikombe.

Kumbe hapo VF ni jina ambalo mashine imelibandika kwenye tukio, hasa kwa kuhesabu kasi. Aliyefungua mchoro ni mama mmoja mtu mzima, fundi wa vipimo. Mstari mmoja, wa ncha ya waya, ulikuwa kama kuku kaparura. Mwingine, unaoutazama moyo kwa mbali, ulionyesha mapigo yangu yakijiendea zake. Akaweka kidole kwenye namba: 130. Ni milisekunde kati ya pigo na pigo. Gawanya milisekunde 60,000 za dakika moja kwa 130, unapata mapigo 461 kwa dakika. "Mwanangu, moyo gani huu?" Akazima shoti kwanza, kisha akaniambia ninyooshe mkono kama naanika. Fujo ikarudi palepale kwenye skrini. Waya ulikuwa umekatika ndani.

Basi ndugu zangu, tuache kupokea karatasi na kusema asante daktari. Omba mchoro. Andika ulikuwa unafanya nini. Kama una waya wa chumba cha juu pia, uliza mapigo ni mengi wapi: ya chini yakizidi ya juu, na si fujo ya waya, tatizo ni la chini kweli. Omba mchoro, narudia. (Shoti mbili siku moja, au moja na kizunguzungu? Funga simu, nenda dharura.)

Jana msomaji wangu alituma picha. Milisekunde 280, mapigo yamepangana sawasawa, ya chini yameyazidi ya juu. Yake ni ya kweli, na nimemwambia awahi kwa daktari wake. Ila mara zote saba mashine iliuwahi moyo kwa vipigo vinane vya haraka, ukatulia bila shoti, na yeye wala hakujua.